Misumari Miwili Juu ya Kichwa Changu

Watu wakiisifia harusi yangu huwa nanyamaza, maana nikianza kueleza nitaanza na gurudumu, na nikianza na gurudumu hasira zitanirudia. Lilikuwa gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe, la mbao, limeoza upande mmoja, na mzee mmoja wa kwetu Akheri alikuwa akilitumia kuziba mlango wa zizi lake la mbuzi. Shangazi yangu alilikuta pale akalipenda. Akaliomba, akapewa, akalibebesha wanaume wawili mpaka kwenye baraza ya shule ambako sherehe yangu ingefanyika kesho yake. Wakaliegemeza ukutani. Shangazi akarudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa upande, akasema, "Unaona sasa? Hiyo ndiyo harusi."

Mimi sikuona harusi. Niliona gurudumu bovu lenye harufu ya mbuzi. Na mbuzi wenyewe, kwa kuwa mlango wao ulikuwa kwangu, walishatoka zamani na walikuwa kwenye maharage ya jirani.

Wakati ule Mwingereza alikuwa bado anatutawala, na mashamba makubwa ya chini kuelekea Usa River yalikuwa ya Wazungu. Shangazi, dada mdogo wa baba yangu, alifanya kazi ya ndani katika nyumba moja huko. Mwaka ule binti wa bibi wa nyumba ile aliolewa, na yule mama wa Kizungu hakununua hata kitu kimoja cha kupambia. Alifungua masanduku akatoa vitu vya mama yake na vya bibi yake: mabirika ya shaba yaliyobonyea, taa zilizochakaa zamani, shela iliyogeuka rangi ya chai. Wageni wakavizunguka wakivisifu. Shangazi alikuwa akipitisha sinia za mikate katikati yao, akayaona yote, akatuletea nyumbani kama ugonjwa.

"Wao wenyewe," alisema, "watu wa kununua duka zima wakitaka, wanapamba kwa vitu vya bibi zao. Sisi tunakimbilia karatasi."

Karatasi zilikuwa zangu. Nilizifuata kwa miguu mpaka Arusha mjini, duka la Mhindi, nikachagua nyekundu, kijani na manjano, nikarudi kwa miguu nimezikumbatia ili zisikunjike. Alasiri baada ya alasiri nilikata, nikaunganisha pete kwa pete kwa uji wa ngano, mpaka nikapata mnyororo wa kuzunguka baraza yote. Nikaupandisha mwenyewe nikiwa juu ya dawati. Siku moja kabla ya harusi nilipofika kutazama, niliukuta ndani ya kikapu cha ndizi, chini ya benchi, umekunjamana, na mahali pake palikuwa na mzinga wa nyuki.

Ndiyo, mzinga. Gogo lililochongwa, lenye masizi, limening'inizwa kwa kamba juu ya mahali ambapo wazee wangekaa.

"Hauna nyuki," shangazi alisema kabla sijafungua mdomo.

"Shangazi, shikamoo," nikasema, maana hasira haziondoi adabu. "Karatasi zangu zimefanya nini?"

"Marahaba. Hazijafanya kitu. Ndiyo shida yake."

Sitaki mtu afikiri nilikuwa binti wa kujidai. Mama yangu alifariki mimi sijaota meno, na Bibi mzaa baba akanilea katika nyumba yake ya msonge kule juu, migomba ilipoanza kupakana na msitu. Kila nilichokigusa utotoni kilikuwa kimeguswa na watu wengine kabla yangu. Nililala juu ya ngozi aliyolalia baba yangu. Nilikula kwenye bakuli lenye ufa ulioshonwa kwa waya. Sikulalamika hata siku moja, kwa sababu ndani ya nyumba ile nilipendwa. Lakini siku ya kuolewa nilitaka nikae chini ya kitu kinachonukia dukani. Basi. Sidhani kama nilidai mengi.

Kitu kingine nilichokitaka, na hiki nilikitaka kuliko karatasi, kuliko gauni, ni baraka ya Bibi. Kwetu, mwanamke aliyekulea huonja maziwa yenye asali, akakutemea kidogo viganjani, akasema maneno yake, ndipo unaondoka kwenda kwa watu. Wazee wa kanisa walikuwa hawaipendi desturi hiyo lakini waligeuza nyuso wakaiacha ipite. Nilikuwa nimemwambia mchumba wangu, kijana wa Moshono, mtu mpole, kwamba bila baraka ile sitoki Akheri hata kama mchungaji ametufungisha ndoa mara mbili. Akasema sawa. Angesema nini?

Basi, habari zikaenea kwamba shangazi anatafuta vitu vya zamani, na ajabu ni kwamba kila nyumba iligundua inavyo. Jirani mmoja alileta saa ya ukutani ya enzi ya Mjerumani, iliyosimama tangu Mjerumani alipoondoka. Akataka itundikwe mahali pa kuonekana, ikatundikwa, na siku nzima ya harusi watu waliitazama wakashtuka kwamba wamechelewa. Mwingine alileta pasi ya mkaa isiyo na kifuniko. Mwanamke mmoja alileta sufuria, nami nilijua kabisa kwamba sufuria ile haikuwa ya zamani, ilikuwa chafu tu. Shangazi akaipokea kwa mikono miwili. Wenye mali wakawa wanapitapita barazani kuhakikisha cha mwenzake hakikuwekwa juu ya chake. Nikaamua magomvi mawili, mimi bibi harusi, nikiwa na mikono yenye hina ya kuazima iliyogoma kushika.

Baba yangu nilimwomba aingilie kati. Baba alikuwa mtu wa kutazama kahawa yake. Alivuta pumzi akasema, "Huyo ni dada yangu. Tangu azaliwe sijawahi kumkataza kitu akakatazika." Akarudi kwenye kahawa.

Jioni ya siku ile ile, Ijumaa, jua halijazama, shangazi akaja na kitu amekifunga kwenye kitambaa. Alikuwa na uso wa furaha kiasi kwamba niliogopa. Akakifungua juu ya dawati, akatoa shaba mbili za masikioni.

Lazima nizieleze, maana siku hizi wengi hawajaziona. Ni waya wa shaba uliozungushwa duara ndani ya duara mpaka unakuwa bapa na mpana kama kisahani, na ukanda wa ngozi wa kuning'inizia sikioni. Walizivaa wanawake walioolewa, Waarusha na sisi Wameru pia, kabla watu wetu hawajabatizwa. Hizi zilikuwa za Bibi. Shangazi alizishusha kutoka darini kwa Bibi, kwenye kikapu kilichofunikwa na majani makavu, wakati Bibi amekwenda sokoni. Akazisugua kwa majivu na ndimu mpaka zikang'aa kama zimetoka kwa fundi asubuhi ile.

"Bibi anajua?" nikauliza.

"Ataona kesho. Atafurahi mpaka alie."

Sikubisha sana, na hilo sijisamehe. Shaba zile zilikuwa na sifa zake kanisani kwetu. Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa ambaye kila mwaka, wakati wa kuwapongeza waliobatizwa, alisimulia jinsi Bibi, akiwa mjane kijana mwenye watoto wawili, alivyovua shaba masikioni akaja kubatizwa, akaacha giza akaingia nuruni. Aliisimulia vizuri, kwa mikono, akigusa masikio yake mwenyewe. Nimeisikia tangu nilipokuwa mdogo. Shangazi aliisikia tangu alipokuwa mdogo. Wakati ikisimuliwa Bibi hukaa benchi la wanawake ameinamisha macho, nasi tukidhani ni unyenyekevu.

Shangazi akapigilia misumari miwili ukutani, juu ya kiti changu hasa, akatundika shaba moja hapa na moja pale, ili kichwa changu kikae katikati.

Ibada ya Jumamosi ilikwenda salama, na Bibi alikuwepo, benchi la mbele, na kanga mpya. Tulipotoka, wapiga tarumbeta wakatutangulia kushuka mpaka shuleni, mimi na mume wangu nyuma yao, vumbi likipanda kwenye gauni langu nililolilinda wiki nzima. Bibi hakuweza kwenda mwendo wa tarumbeta. Akasema anakuja polepole.

Tukaketi. Gurudumu kulia kwangu, mzinga mbele, shaba kichwani. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu yake ya saa sita na loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, ilikuwa inapakuliwa. Watu wa Moshono wakafika, akina mama wa upande wa mume wangu mbele, na mzee wa kanisa akaona hii ndiyo nafasi. Akasimama. Akanyoosha kidole juu ya kichwa changu.

"Tazameni," akasema. "Tazameni mlichokiacha."

Mama mkwe wangu alikuwa ametazama tayari. Alikuwa amesimama chini ya ngazi za baraza, mguu mmoja juu ya ngazi ya kwanza, na hakuupandisha wa pili. Wanawake waliomfuata wakasimama nyuma yake. Kwao Moshono, kwa Waarusha, wanawake wazima walikuwa bado wanavaa shaba zile, kwa hiyo alikuwa anasoma kitu tulichokwisha kusahau kukisoma.

"Samahani, mzee," akasema. "Nani amekufa hapa?"

Mzee akacheka, akamweleza kwa upole wa mwalimu kwamba hakuna msiba, mama, hii ni harusi, na hizo ni shaba za bibi yake bibi harusi, alizozivua akamfuata Bwana.

"Mke wa mtu hazivui," mama mkwe akasema. "Hata kulala halali bila hizo. Anazivua mume akifa. Nyinyi mmezitundika juu ya mkwe wangu siku ya kuolewa na mwanangu. Ndiyo nauliza, nani amekufa?"

Tarumbeta zikanyamaza. Mtu mmoja, sijui nani, akaitazama saa ya Mjerumani. Nami nilikaa pale na hasira zilizonipanda kutoka miguuni. Nilimkasirikia shangazi na mama yake wa Kizungu wa Usa River. Nilimkasirikia mzee na mikono yake. Nilimkasirikia mama mkwe pia, kwa kusema kweli mbele ya watu, na nilijikasirikia mwenyewe kwa kuwa nilikuwa nimezitazama zikitundikwa.

Ndipo nikamwona Bibi. Alikuwa amefika ukingoni mwa uwanja, penye ua wa masale, akasimama hapo hapo. Alikuwa anatazama juu ya kichwa changu.

Shangazi akamkimbilia. "Mama, njoo, njoo uketi. Waambie hawa. Waambie ulizivua kwa ajili ya ubatizo."

Bibi hakusogea. Alijibu kwa Kimeru, kwa sauti yake ya kawaida, wala hakuipandisha, lakini uwanja ulikuwa kimya tukasikia sote.

"Nilibatizwa mwaka wa pili baadaye," alisema. "Wakati huo masikio yangu yalikuwa matupu zamani. Baba yenu walimchukua kubeba mizigo ya askari, vita vya Mjerumani na Mwingereza. Wakaenda wengi kutoka hapa. Waliporudi walikuja wanne, wakapita mbele ya nyumba yangu bila kunitazama. Nikajua. Nikazivua palepale, mlangoni. Wewe ulikuwa umelala mgongoni mwangu."

Aliyaambia hayo shangazi, si sisi. Shangazi alikuwa amesimama na mikono mbele yake, kama mtu aliyetaka kupokea kitu.

"Mbona hukusema?" mzee wa kanisa akauliza kutoka barazani. Aliuliza kwa kuumia, kama yeye ndiye aliyedanganywa miaka yote. Hilo nalo liliniudhi.

"Hukuniuliza," Bibi akasema. "Ulikuwa unasimulia."

Kisha akanitazama mimi. "Siwezi kuja hapo ulipo, mwanangu," akasema. "Siwezi kukubariki chini ya kile."

Basi, nilipanda juu ya kiti. Gauni lilikuwa jeupe, refu, limeshonwa na fundi wa mjini, nami nililikusanya mkono mmoja mpaka magotini mbele ya wachungaji na wakwe, nikasimama juu ya kiti cha bibi harusi. Mume wangu akakishika kiti kisiyumbe. Nikashusha shaba ya kwanza, nikashusha ya pili. Zilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Ukanda wa ngozi ulikuwa umekauka, ukavunjikia mkononi mwangu, vipande vikaanguka juu ya gauni. Nikashuka, nikapita katikati ya watu, nikamfuata Bibi penye masale nikamwekea mikononi.

Hakulia. Akazifunga kwenye pembe ya kanga yake, akafunga fundo, akalikaza kwa meno. Alinusa vidole vyake. "Umezisugua kwa ndimu," akamwambia shangazi, na ilikuwa kama anamkaripia mtoto aliyechafua nguo, si zaidi ya hapo. Shangazi akageuka akaingia migombani nyuma ya shule, tukamsikia.

Nitakuwa mkweli. Hata wakati ule nilikuwa bado na hasira naye. Niliwaza: sasa analia yeye, siku yangu. Nilikuwa na miaka ishirini tu na nilikuwa nimepoteza mnyororo wangu wa karatasi.

Bibi alinibariki pale pale, penye ua. Mama mkwe wangu ndiye aliyemshikia kibuyu cha maziwa. Bibi alionja, akanitemea viganjani, akasema maneno yake, na wazee wa kanisa wote wakageuza nyuso kutazama mlima, uliofunikwa na mawingu wala hauonekani. Baadaye akapanda ngazi akaketi, akala, akacheka hata na gurudumu. "Hili si la mbuzi wa fulani?" akauliza, nasi tukasema ndilo.

Mpiga picha wa Kihindi aliyekuja na gari kutoka mjini alikuwa na haraka, mvua inakuja. Akatupanga barazani. Nilimwambia asubiri ning'oe ile misumari. Akasema bibi harusi, kaa, jua linaondoka. Nikakaa. Mume wangu kulia, Bibi kushoto ameshika pembe ya kanga yake, baba nyuma. Shangazi tulimwita hakuja. Alikuwa bado migombani.

Picha ile ilikaa ukutani kwangu Moshono miaka mingi. Ni moja tu, hatukupiga nyingine. Ndani yake gurudumu limetoka vizuri kuliko mume wangu, na juu ya kichwa changu ipo misumari miwili mitupu, kila mmoja na kivuli chake. Wageni wakiuliza ya nini, nilisema ya mapambo, nikaleta chai.

Bibi alifariki, akazikwa na shaba zake, kwa amri yake. Shangazi akazeeka. Alikuwa akija kunitembelea kila baada ya mavuno, anateremka na mkungu wa ndizi, anaketi kwenye kiti kinachoelekea ukuta ule, na tangu aingie mpaka aondoke anaongea na mimi huku macho yake yako kwenye picha. Nilidhani bado analipenda gurudumu. Wazo hilo lilinichosha kila mwaka upya.

Mara ya mwisho alipokuja, magoti yakiwa hayamsaidii tena, aliniomba picha ile.

Nilishangaa, na kusema kweli nilikasirika. Ndiyo picha pekee ya harusi yangu, harusi aliyoiharibu, na sasa aichukue pia. Nikamuuliza kwa sauti ambayo sikupaswa kumpa mtu mzima: "Shangazi, picha hii unaitaka ya nini? Mbona wewe mwenyewe humo?"

Alikuwa anaitazama, mahali palepale alipokuwa akitazama siku zote. Sikuwa nimewahi kufuata macho yake mpaka mwisho. Nikayafuata sasa. Hayakuwa kwenye gurudumu, yalikuwa juu ya kichwa changu, kwenye misumari.

"Mimi simo," akasema. "Baba yangu yumo."

Nikasimama, nikaishusha ukutani, nikampa.